Usiku bunduki ya baba ilipogoma

Msomaji, kama ulilelewa Nairobi, Mombasa au Nakuru mjini, yamkini bunduki unayoijua ni ile inayoning'inia begani mwa askari mbele ya benki. Mimi nililelewa nyumba moja na bunduki. Ilikuwa ikilala chini ya kitanda cha baba na mama, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli mbili, na kwa miaka mingi niliiona kama mmoja wetu. Ilikuwa na kazi yake kama ng'ombe walivyokuwa na yao. Siku ilipokataa kuifanya kazi hiyo, nusura imuue kaka yangu. Kisa hiki nimekaa nacho kifuani muda mrefu, na leo nimeamua kukisimulia kwa sababu sehemu ya lawama ni yangu.

Kwetu ni Ndabibi, katika kaunti ya Nakuru. Ukitoka mji wa Naivasha unafuata barabara ya Moi South Lake, unapita Karagita na Kamere kwenye mashamba ya maua, unafika Kongoni, kisha unaliacha ziwa nyuma yako na kuelekea uwanda ulioko chini ya milima ya Eburu, huku ukingo wa Mau ukiuona mbele yako. Udongo wa huko ni majivu yaliyotemwa na volkeno zama za kale, mwepesi kama unga wa ngano. Wakati wa kiangazi gari moja likipita, vumbi hubaki hewani hadi la pili lije. Huingia kabatini, huingia kwenye sufuria iliyofunikwa, huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Likumbuke vumbi hilo, maana litarudi.

Wazazi wangu walilima mahindi, maharagwe na viazi. Baba pia alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, kazi iliyomzungusha kwenye mashamba makubwa ya kando ya ziwa. Lakini kulima Ndabibi ni kulima na majirani wasiokuwa na haya. Punda milia hushuka wakati wowote. Nyati walikuwa wakitoka msitu wa Eburu usiku, na kundi moja likilala katika shamba la mahindi, asubuhi huna haja ya kwenda kuangalia. Unakaa tu jikoni na kuanza kupiga hesabu ya karo upya.

Hapo ndipo bunduki ilipokuwa na kazi.

Iliundwa kwa ajili ya ndege

Baba aliinunua mwaka 1986 kutoka kwa mkulima mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Walipitia kwa muuzaji mwenye leseni, na polisi wakampa baba cheti baada ya kumhoji kwa miezi kadhaa. Ilikuwa bunduki ya marisau, yaani ile inayorusha goroli ndogondogo nyingi kwa mpigo mmoja. Ilikuwa na mitutu miwili iliyolala sambamba, na vifyatulio viwili: cha mbele kwa mtutu wa kulia, cha nyuma kwa mtutu wa kushoto. Kitako chake kilikuwa cha mti uliong'aa kama meza ya mahakama. Iliundwa Birmingham, na chini ya mitutu ilikuwa na mihuri midogo ya nyumba ya majaribio ya mji huo, ambako bunduki zimekuwa zikijaribiwa tangu 1813 kabla ya kuuzwa.

Wenye bunduki kama hizo huziita za namba 12. Watoto tulidhani namba hiyo ni nguvu zake. Baadaye baba alinieleza kuwa ni hesabu ya zamani: ukiyeyusha ratili moja ya risasi na kutengeneza vidonge 12 vya duara vilivyo sawa, kila kidonge kitaenea barabara katika mtutu huo.

Silaha hiyo iliundwa kwa ajili ya mchezo wa kupiga ndege. Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama nchini mwezi Mei 1977, lakini ndege waliendelea kuwindwa kwa vibali kwa miaka mingi baadaye. Ndiyo maana utotoni mwangu, katika miaka ya tisini, wageni kutoka Nairobi walikuwa wakija wikendi na mbwa wao kupiga kanga na kwale. Mambo hayo yamepita. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inautaja uwindaji wa burudani kuwa kosa.

Baba hakuwa mtu wa ndege. Wala hakuwa akiwapiga nyati, kwanza kwa sababu sheria haikumruhusu, na pili kwa sababu marisau ya kwale hayamfanyi nyati lolote ila kumtia hasira. Ukimjeruhi nyati umejitafutia mwenyewe adui, na adui huyo atakungoja kichakani. Kwa hiyo baba alikuwa akipiga hewani. Alisimama pembezoni mwa shamba, akaelekeza mitutu juu mahali pasipo na nyumba, na mlio ukagonga milima na kurudi. Mara nyingi nyati waliondoka. Kusema kweli, tulikuwa tumenunua kelele, na kwa miaka 13 kelele hiyo haikutukosa hata mara moja.

Kila mwenyewe na sifa zake

Wenye bunduki wana desturi moja: kila mmoja huisifu yake kama mzee anavyomsifu fahali wake. Jirani yetu mmoja, askari mstaafu, alikuwa na ya mtutu mmoja, nzito na yenye sura mbaya. Alikuwa akijigamba kuwa amewahi kuiangusha mtoni, akaichomoa, akaimwaga maji, na ikalia palepale. Sikuwapo, lakini naamini. Bunduki ya namna hiyo ina vipande vichache sana ndani yake, na kisichokuwapo hakiharibiki.

Wageni wa kupiga ndege walikuwa na za kisasa zaidi, zile zinazojipakia zenyewe na kupiga risasi moja baada ya nyingine. Vijana wa kijijini waliokuwa wakiajiriwa kuwafukuzia ndege walituletea habari zake jioni. Walisema asubuhi hulia kama mvua ya mawe, lakini ikifika saa tano, vumbi likishachanganyika na masizi ya baruti, ganda tupu linakwama mlangoni na mgeni anabaki akiitingisha huku kwale wakienda zao. Kisa cha kukwama ni rahisi kufahamu. Mtambo unaojipakia wenyewe hutegemea vipande vinavyoteleza, na majivu ya Ndabibi hayapendi kitu kiteleze.

Baba alikuwa akisikiliza yote hayo, kisha anasema ya kwake ni bunduki mbili katika kitako kimoja. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kila mtutu ulikuwa na springi yake, nyundo yake na kifyatulio chake. Upande mmoja ukigoma, wa pili uko tayari. Kasoro aliyoijua ni moja tu: watu hupenda kuvuta kifyatulio cha mbele, hivyo upande wa kulia hufanya kazi nyingi na kuchoka mapema. Alijua hilo, na bado alikuwa akivuta cha mbele. Mazoea yana taabu.

Baba alikuwa na kanuni zake ambazo alizirudia mpaka tukazijua kama sala. Mitutu haielekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu. Risasi hazilali na bunduki chumba kimoja. Ukivuta kifyatulio na bunduki isilie, usiifungue, usiichungulie, usiishushe. Iache imetazama mahali salama na uhesabu hadi 30. Kaka yangu alikuwa akiicheka hiyo ya mwisho. Alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na kijana wa kidato cha tatu huwa amekwisha kumpita baba yake kwa akili.

Chupa ya mafuta

Kwa kuwa kaka hakuwapo wakati wa masomo, kazi ya kumsaidia baba kusafisha bunduki ilinijia mimi. Nilikuwa na umri wa miaka 11. Baba alikuwa akiniita Maitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mamake kama desturi yetu ya Wagikuyu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Jumapili moja kila mwezi, baada ya kanisa, tulikaa nyuma ya nyumba juu ya gunia safi. Yeye aliichambua katika vipande vitatu, akapitisha kitambaa ndani ya mitutu, nami nikapaka mafuta ya cherehani kwa unyoya wa kuku. Nilijivuna sana. Hakuna msichana mwingine darasani aliyekuwa na kazi kama hiyo.

Jumapili moja ya Aprili 1999, mvua za masika zikiwa zimeanza, mtu alikuja mbio kumwita baba. Ng'ombe wake alikuwa akizaa na ndama amekaa vibaya. Baba alitazama vipande vilivyokuwa juu ya gunia, akatazama saa, akaniambia, "Maitu, malizia kupaka, nikirudi nitaifunga." Kisha akaondoka na mkoba wake.

Nilichukua chupa ya mafuta, ikaniponyoka. Yote yakamwagika.

Mtoto aliyeaminiwa huogopa aibu kuliko kiboko. Niliingia jikoni, nikachukua mafuta ya kupikia, nikarudi na unyoya wangu. Nilipaka kila mahali. Kwenye uso wa chuma unaofunika mitutu kuna vitundu viwili vidogo, ambamo vijipini hutokeza na kugonga fataki ya risasi. Nikaona nisivisahau. Nikavidondoshea matone matatu, manne, kila kimoja. Nilidhani mafuta ni mafuta. Baba aliporudi usiku, amechoka na amejaa damu ya ng'ombe, aliiunganisha bunduki kwa mwanga wa taa ya chemni na kuifungia. Sikusema kitu.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu wanajua kinachotokea kwa mafuta ya kupikia yakiachwa pembeni mwa jiko kwa miezi. Yanakuwa mazito, kisha yanakuwa ulimbo, na kila vumbi linalopita linanasa hapo. Kikaango hukisugua kwa jivu na steelwool. Kitundu cha bunduki hakisuguliwi. Miezi iliyofuata baba alikuwa na kazi nyingi na tuliifuta kwa nje tu.

"Piga wa kushoto!"

Ilikuwa Agosti ya mwaka huohuo, likizo, na kaka alikuwa nyumbani. Wenyeji wa Naivasha wanajua baridi ya mwezi huo. Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa. Kiasi cha saa nane za usiku mbwa walibweka kwa ile sauti ya woga, si ya hasira, na tukasikia mabua yakivunjika.

Baba alifungua kasha, akaenda jikoni kuchukua risasi. Alikuwa akiziweka ndani ya kopo darini, juu ya jiko, mbali na bunduki kama kanuni yake ilivyosema. Alitia mbili. Kaka alibeba tochi. Mimi na mama tulibaki mlangoni, lakini shamba lilianza hatua 30 kutoka hapo na mwezi ulikuwa unaangaza, kwa hiyo niliona kila kitu.

Nyati walikuwa watano au sita. Walikuwa karibu kuliko walivyowahi kuwa. Mmoja alikuwa ameinua kichwa na kuwatazama, na nyati akikutazama namna ile unahisi kama una deni lake. Baba aliinua mitutu juu, akavuta kifyatulio cha mbele.

Tulisikia tik.

Kaka alipaza sauti, "Piga wa kushoto, baba! Piga wa kushoto!" Baba hakupiga. Alisimama kama mti, mitutu imetazama mbinguni, na nikamsikia akianza kuhesabu kwa sauti ya chini. Moja. Kaka akapandwa na hofu au hasira, sijui ni ipi, akageuka na kunyoosha mkono ili aishike bunduki na kuishusha. Mbili. Baba akampiga kumbo la bega, kaka akaanguka kwenye mtaro wa maji.

Kabla ya tatu bunduki ililia.

Ililia yenyewe, kidole cha baba kikiwa kimekwisha kutoka kwenye kifyatulio. Moto ulitoka mitutuni ukapita mahali ambapo uso wa kaka ungekuwa kama angefaulu kuishusha. Nyati waligeuka na kutimua mbio kuelekea Eburu. Baba hakushusha mikono. Aliendelea kuhesabu. Nne, tano, sita. Alifika 30, akaifungua, akatoa ganda na risasi iliyosalia, akakaa chini palepale kwenye umande. Mama alikuwa akilia. Kaka alikuwa bado mtaroni, kimya, na tangu usiku ule sikumsikia tena akiicheka kanuni yoyote ya baba.

Fundi anafungua

Wiki iliyofuata baba aliipeleka bunduki Nairobi kwa fundi mwenye leseni, na akaenda na risasi zilizobaki. Aliporudi alitueleza mezani, na maelezo hayo nayakumbuka hadi leo.

Fundi alisema mambo mawili yalikutana. La kwanza, kijipini cha kulia kilikuwa kimezungukwa na ulimbo mgumu uliochanganyika na vumbi, na katika baridi ya usiku ule ulimbo ulikaza zaidi. Nyundo ilipogonga, kijipini kilikwenda polepole na kuigusa fataki kwa unyonge. La pili, risasi zilikuwa zimekula mvuke wa jikoni kwa miaka. Kila githeri iliyochemka chini yake ilizipa unyevu kidogo. Fataki iliyogongwa vibaya na baruti iliyopoa zilishindana, moto ukafuka kwanza, kisha ukawaka. Baruti kavu iliyogongwa sawasawa haingojei. Ndiyo maana mwenye bunduki anafundishwa kuhesabu: akiifungua upesi, risasi inaweza kupasukia usoni pake.

Alimwonya pia kuhusu jambo ambalo baba hakulijua. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani, ile yetu ikiwamo, zilichongwa kwa risasi ya urefu wa milimita 65. Risasi nyingi za kisasa ni za milimita 70. Hila iko hapa: urefu huo hupimwa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa, hivyo ile ndefu huingia vizuri katika chumba kifupi na mlango hufungika bila kulalamika. Ikilipuka, mdomo hukosa nafasi ya kukunjuka, na mgandamizo wa ndani hupanda kupita kiasi. Mtu anaweza kupiga hivyo mara 50 na asione kitu, mpaka siku chuma kilichochoka kitakapokataa. Baba alirudi akazipekua risasi zake moja moja kwa miwani na rula.

Fundi alisafisha, akabadilisha springi ya kulia, na kumwambia kuwa bunduki yenyewe ilikuwa nzima. Iliundwa vizuri na ingeishi kutushinda. Baba alipotamka maneno hayo hakumtazama mtu yeyote mezani. Mimi nilikuwa nikitazama sahani yangu.

Safari ya Nairobi

Mwezi Desemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye bunduki akaguliwe upya na Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, achukuliwe alama za vidole, na silaha yake iandikishwe upya. Baba alikuwa na miaka 73. Mimi nilikuwa tayari mwandishi mjini, kwa hiyo mapema 2019 alinipigia simu nimsindikize. Nilidhani anakwenda kukaguliwa. Tulipokutana ndipo aliponiambia anakwenda kuirudisha.

Sababu zake zilikuwa wazi. Macho yalikuwa yamefifia. Cheti hutolewa kwa mtu mwenyewe, hakirithiwi kama shamba, na kaka alikuwa amekataa kabisa kuomba chake. Tena mambo ya nyati yalikuwa yamebadilika. Mwaka 2014 ulikamilika uzio wa umeme kuzunguka msitu wa Eburu, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 40. Wanyama wanaotoka sasa ni wachache, na wakionekana kaka huwapigia simu askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sheria ya 2013 imeweka fidia ya Sh5 milioni kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, ingawa wengi wanalalamika kuwa hukawia mno. Baba alisema angependelea kaka awe hai kuliko kuwa na bunduki au na milioni hizo.

Aliikabidhi, akatia sahihi, akapewa karatasi. Niliona akikigusa kitako kwa kiganja, kama anavyomgusa ng'ombe baada ya kumtibu. Kisha tukatoka.

Tukiwa ndani ya matatu ya kurudi Naivasha, pale barabara inapoanza kuteremka na Bonde la Ufa linafunguka chini yako, nilimwambia. Nilimwambia juu ya chupa, juu ya mafuta ya kupikia na matone manne. Sauti yangu ilikuwa ya yule mtoto wa miaka 11.

Baba alinyamaza mpaka tukaupita mteremko wote. Kisha akasema, "Maitu, nilijua. Fundi alikichomoa kijipini akaninusisha. Kilinuka chapati."

Nilimuuliza kwa nini hakunigombeza.

"Ningekugombeza kwa lipi? Mimi ndiye mwenye cheti. Mtoto haachiwi bunduki aimalizie peke yake. Na risasi juu ya githeri nani aliziweka? Nilipokuwa nikihesabu usiku ule, nilikuwa nawahesabia wawili."

Tangu siku hiyo nimeulizwa na marafiki wa mjini, wale wanaofikiria kuomba leseni kwa hofu ya wezi, kama bunduki fulani inaaminika kuliko nyingine. Huwaeleza niliyoyaona. Yenye vipande vichache haikwami upesi. Yenye mitutu miwili ina nafasi ya pili. Risasi ikae pakavu na iwe ya urefu unaostahili, chuma kipate mafuta yake na si ya mwingine. Baada ya hayo huwauliza swali la baba: nani nyumbani mwako atakayekumbuka kuhesabu hadi 30 nyati akiwa mbele yake na mwanawe akimpigia kelele avute? Kama humjui mtu huyo, usinunue.

Uzio wa Eburu nao una matunzo yake. Majani yakikua na kugusa nyaya, umeme hupungua na nyati wanagundua kabla ya binadamu. Kaka ananiambia vijana hupita wakiyafyeka. Nilipokwenda nyumbani Krismasi iliyopita nilimkuta amesimama mpakani mwa shamba lake na panga mkononi, akifyeka pembeni mwa mahindi ingawa uzio wenyewe uko mbali na kwake. Nilimuuliza anafanya nini. Akanijibu kuwa ni mazoea tu, kisha akanipa panga la pili.